Mganga Aliyelala Mgonjwa Kabambare

Katika kurasa hizi tumezoea kusimulia maisha ya watumishi waliotutangulia. Safari hii tumemchagua mtu ambaye wengine watashangaa kumwona hapa, kwani hakuwa mtu wa kanisa letu, hakuwa mwana wa Afrika, na katika Maniema yetu hakubatiza mtu hata mmoja. Tumemchagua kwa sababu alikuwa mganga, naye alilala mgonjwa Kabambare siku 80 bila dawa, akiwa na Biblia mkononi. Jina lake David Livingstone.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Uskoti, katika nyumba ya watu maskini. Baba yake alikuwa akizunguka mlango kwa mlango kuuza majani ya chai na kugawa vitabu vidogo vya dini. Alipofika miaka 10 mtoto alipelekwa kiwandani, akafanya kazi ya nyuzi za pamba kuanzia saa 12 ya asubuhi mpaka saa 2 ya usiku. Kitabu chake alikiweka juu ya mashine, akisoma sentensi moja kila alipopita.

Baba yake hakupenda vitabu vya elimu ya dunia. Aliogopa ya kwamba mtoto akisoma habari za nyota, mawe na miili ya watu, atamwacha Mungu. Walishindana sana nyumbani juu ya jambo hilo. Kiisha kijana akapata kitabu cha Thomas Dick, mwalimu Mskoti, kilichomwonyesha ya kuwa aliyeandika Maandiko ndiye aliyeumba majani na madini, na mtu hana haja ya kuchagua moja na kutupa lingine. Tangu hapo moyo wake ukatulia. Tunataja habari hiyo ili msomaji ajue ya kuwa ugomvi wa dawa na imani haukuzaliwa kwetu. Wazungu nao waligombana hivyo, baba na mtoto, mezani.

Mwaka 1836 akaanza masomo ya uganga katika mji wa Glasgow, na mwaka 1840 akapewa cheti chake. Alitaka kwenda China, lakini vita ya afyuni ilifunga njia. Chama cha Misioni cha London kikamtuma Afrika ya kusini, akafika mwaka 1841. Habari za simba aliyemvunja mfupa wa mkono wa kushoto mwaka 1844, na za safari zake ndefu kutoka bahari hata bahari, zimeandikwa mahali pengi nasi hatutazirudia. Mkono ule tutaukuta tena mbele.

Juu ya waganga wa miti wa kule alikuwa na adabu ambayo wamisionari wengi hawakuwa nayo. Hakupenda kumwaibisha mganga wa kijiji mbele ya watu wake, na mgonjwa aliyekwisha kuwa mikononi mwa mganga huyo hakumnyang'anya. Aliandika majina ya miti na kazi zake. Alipokosea, alikosea kama watu wote wa siku zile, ambao hawakujua bado ya kuwa mbu ndiye anayeleta homa. Dawa yake ya homa aliitengeneza mwenyewe, vidonge vya kinini vilivyochanganywa na dawa za kuendesha tumbo. Jina hilo la kinini wengi wetu tunalitumia hata leo kwa kidonge cho chote, na asili yake ni ganda la mti wa Amerika ya kusini. Kwa hiyo hata dawa ya mzungu ni dawa ya mti.

Kinini haikumtii siku zote. Mwezi wa Aprili 1862, huko Shupanga kando ya mto Zambezi, mke wake Mary alishikwa na homa. Mume alimpa dawa kwa wingi, akaomba, akalia. Tarehe 27 Mary akafa. Mganga akamzika mkewe chini ya mbuyu.

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, akitafuta chanzo cha mto Nili. Tarehe 20 Januari 1867, katika pori la nchi ambayo sasa ni Zambia, wapagazi wawili walitoroka na mzigo. Ndani ya mzigo huo mlikuwamo sanduku la dawa zote. Walitafuta katika mvua, nyayo zilikuwa zimefutika. Livingstone aliandika katika daftari lake ya kuwa alijisikia kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kufa. Mganga akabaki kama sisi wengine, mtu anayetembea msituni na homa yake.

Mwanzo wa 1869 mapafu yake yaliwaka nimonia, akashindwa kusimama. Aliyemwokoa ni mfanya biashara wa pwani, Mwislamu, jina lake Mohamad Bogharib. Alimpa chakula, akaagiza watu wambebe juu ya kitanda siku nyingi mpaka ziwa Tanganyika. Sisi wa Kasongo na Kabambare tunaishi na Waislamu ukuta kwa ukuta, na tunapofundisha habari ya yule Msamaria wa Luka sura ya 10, aliyetia mafuta na divai katika majeraha ya mtu aliyetupwa njiani, inafaa tumkumbuke Bogharib. Lakini tuseme kweli yote. Bogharib alinunua pembe, alinunua na watu. Mkono uliompa mgonjwa uji ndio ulioshika mnyororo. Livingstone aliyachukia mambo hayo kwa moyo wote, naye alikula chakula kile, kwani hakuwa na kingine. Hatukusudii kuifunika aibu hiyo, ya mmoja wala ya mwingine.

Tarehe 21 Septemba 1869 walifika Bambarre, yaani Kabambare yetu, mji wa mfalme aliyemwandika kwa jina la Moenekuss, ambaye alikuwa amekufa, na wanawe wawili walikuwa wamegawana utawala. Mara mbili Livingstone alijaribu kufika Lualaba, mara mbili mvua, homa na tumbo zikamrudisha. Mwezi wa Juni 1870 alijaribu mara ya tatu. Watu wake walikuwa wamemkataa, wakabaki watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Wakaingia katika matope. Hapo miguu yake ilivimba, ikafunguka, ikawa donda ndugu.

Wazee wanaijua donda ndugu. Huanza kwa mkwaruzo mdogo, hula nyama mpaka mfupa, nayo hupenda mwili usio na chakula. Alirudi Kabambare akichechemea, akafika tarehe 22 Julai. Kila alipoweka mguu chini, maji yenye damu yalitoka. Akaingia ndani ya nyumba, hakutoka mpaka tarehe 10 Oktoba. Usiku aliwasikia watumwa katika kambi wakilia kwa vidonda vilevile, na hakuwa na kitu cha kuwapa. Tufikiri juu ya mganga anayesikia hayo usiku kucha, na miguu yake mwenyewe inanuka.

Dawa iliyomsaidia aliipata hapahapa. Ni jiwe la kijani lenye shaba ndani, aina ile inayotoka Katanga. Walilisugua kwa maji juu ya jiwe lingine, wakapaka ute wake kidondani kwa unyoya wa ndege. Aliandika ya kuwa katika mambo yote aliyoyajaribu, hilo peke yake lilifaa. Waganga wa leo hawashangai, kwani shaba huua vijidudu vya kidonda. Siku hizi donda ndugu hutibiwa kwa kusafisha, kwa antibiotiki na kwa kumlisha mgonjwa vizuri, na kumlisha huko wengi wanakusahau.

Sasa tufike kwenye Biblia. Livingstone aliandika ya kuwa wakati alipokuwa katika Maniema aliisoma Biblia nzima mara nne. Mara nne, tangu Mwanzo mpaka Ufunuo! Nasi tunajua mtu mwenye vidonda miguuni anakutana na nini katika kitabu hicho, kwani imejaa wagonjwa na dawa. Mara nne alimkuta Ayubu akijikuna kwa kigae. Mara nne Lazaro mlangoni, na mbwa wakiramba vidonda vyake. Mara nne alipita kwa Naamani na mto wake, kwa yule mama aliyemaliza mali yake yote kwa waganga, kwa kipofu aliyepakwa tope machoni, kwa Timotheo mwenye tumbo bovu aliyeshauriwa kunywa divai kidogo, kwa Trofimo ambaye Paulo mwenyewe, mtu wa miujiza, alimwacha Mileto hali mgonjwa. Alimpita na Luka, mganga mpendwa, aliyesafiri na Paulo, na hatusomi popote ya kuwa mtume alimwambia aache uganga wake.

Mawili katika hayo tunataka kusimama juu yake. La kwanza ni mfalme Hezekia, 2 Wafalme sura ya 20. Alikuwa na jipu la kufisha. Aliomba akielekea ukutani, akalia, na Mungu akamjibu kwa kinywa cha nabii Isaya ya kuwa atapona. Neno lilikwisha kutoka. Lakini nabii yule hakuondoka. Aliagiza waletwe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, mfalme akapona. Aliyeagiza dawa ni nabii, na aliiagiza baada ya ahadi, wala si badala yake. Sisi tulio kanisa la manabii tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wote.

La pili ni mfalme Asa, 2 Mambo ya Nyakati sura ya 16. Huyu ndiye wanayemshika wale wanaokataza hospitali, kwani imeandikwa ya kuwa aliugua miguu, akawatafuta waganga, hakumtafuta Bwana, akafa. Ni kweli, imeandikwa. Lakini wasome na mistari ya juu yake. Kabla ya kuugua, Asa alikasirikiwa na maneno ya nabii Hanani, akamtia kifungoni, na wakati uleule akawaonea watu wengine katika raia zake. Mfalme aliyefunga miguu ya nabii aliugua miguu. Kosa analolaumiwa ni kumwacha Bwana, na kumwacha huko kulianza gerezani, mbali na nyumba ya mganga. Katika nchi yetu tunafahamu habari ya nabii kufungwa. Simon Kimbangu aliyeombea wagonjwa Nkamba mwaka 1921 alikaa gerezani miaka 30, akafa ndani yake Elisabethville mwaka 1951.

Tuna sababu ya kuandika haya, wapendwa, nayo si nzuri. Katika nyumba moja ya maombi, miaka iliyopita, mama aliingia na mtoto mwenye homa. Katika kitambaa chake alikuwa na vidonge alivyopewa kituo cha afya. Mtu mmoja aliyeongoza maombi alimwuliza anaamini vidonge au anaamini Mungu, mbele ya watu wote. Mama akaona haya, akavitupa. Tukaomba siku tatu. Siku ya nne tulimzika mtoto. Sisi tunaoandika tulikuwamo mle ndani, Hezekia tulikuwa tumemsoma, na tulinyamaza kwa sababu aliyesema alikuwa mkubwa wetu. Mama yule hakurudi tena kwetu, wala hatukwenda kumwomba msamaha mpaka alipohama.

Turudi Kabambare. Miguu ilipopona, Livingstone aliendelea kungoja watu na mali kutoka pwani. Mwezi wa Desemba 1870 aliandika habari ya ugonjwa ambao aliuona wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hizi. Uliwapata watu waliozaliwa huru, kiisha wakakamatwa. Walivumilia minyororo mpaka walipoona mto Lualaba, mpana, umekwisha kukaa kati yao na kwao. Hapo walikata tamaa. Katika kundi moja, 21 walifunguliwa kwa kuwa walionekana hawana pa kukimbilia, nao wakatoroka mara moja. Lakini 8, na wengine wengi waliobaki katika mnyororo, wakafa ndani ya siku tatu baada ya kuvuka.

Aliwauliza waliougua, kama mganga anavyouliza. Hawakuwa na homa, hawakuwa na kidonda. Walisema maumivu yapo moyoni tu, wakaweka mkono mahali pale hasa moyo ulipo. Wenye kuwamiliki walishangaa kwa nini wafe, hali wanalishwa na hawana kazi nzito. Kulikuwa na mtoto mwanamume mzuri, wa miaka kama 12, aliyebebwa na wenziwe mpaka akawa karibu kukata roho. Wakamlaza kando ya njia, wakamchimbia shimo. Yeye naye alisema haumwi kitu ila moyo.

Kwa ugonjwa huo Livingstone hakuwa na jiwe la kijani, na hata sanduku lake lililopotea lisingemsaidia. Aliuita kwa jina lake, kuvunjika moyo. Tena si mashairi, aliuandika kama ugonjwa, pamoja na ile safura ya watu wanaokula udongo, aliyoichunguza Kabambare vilevile. Msomaji wa Maandiko anajua ya kuwa Isaya sura ya 61, sura ambayo Bwana Yesu aliisoma Nazareti, inaweka kuganga mioyo iliyovunjika na kuwafungua wafungwa katika ujumbe mmoja, pumzi moja. Yeremia naye, aliyeuliza kama hakuna zeri Gileadi, alikuwa akisema juu ya taifa lililojeruhiwa na uongo wa wakubwa wake.

Februari 1871 aliondoka Kabambare, na mwisho wa mwezi wa Machi alifika Nyangwe, juu ya Lualaba. Karatasi zilikuwa zimekwisha. Aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mbegu za mti. Soko la Nyangwe lilimpendeza sana, wamama na samaki zao, vyungu vyao, kuku zao, makelele yao. Tarehe 15 Julai, watu kama 1500 walikuwa sokoni. Watu wa wafanya biashara waliingia na bunduki, wakagombana juu ya bei ya kuku, wakapiga risasi katikati ya watu. Wamama walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikapinduka, mto ukawachukua. Wafanya biashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa 330 mpaka 400. Livingstone akaangushwa kitandani kwa huzuni. Mwaka 2011 wataalamu walipoyasoma magazeti yale yaliyofifia kwa mwanga wa namna ya pekee, waliona ya kuwa aliandika pia mashaka makali juu ya mwenendo wa watu wake mwenyewe, maneno ambayo katika daftari safi aliyapunguza. Hakuwa malaika.

Akaacha mto, akarudi Ujiji kwa miguu, akafika tarehe 23 Oktoba 1871 kama mifupa tu. Siku chache baadaye Stanley akamkuta, akamletea chakula na dawa. Stanley ndiye aliyebeba barua zenye habari ya Nyangwe. Zilipochapwa Ulaya mwaka 1872 watu walitikisika, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano yaliyofunga soko la watumwa la Unguja. Hatusemi barua hizo peke yake zilifanya kazi hiyo, wala hatusemi mateso ya Maniema yalikwisha siku ile. Wazee wetu wa Kasongo wanajua yaliyofuata, ya Tippu Tip na ya mzungu wa mpira. Lakini yule mtoto aliyelazwa kando ya njia alisikiwa.

Livingstone mwenyewe hakuyajua mapatano hayo. Alikuwa amerudi porini kutafuta chanzo chake cha Nili, ambacho Lualaba haikuwa. Tumbo lilimtoka damu, ugonjwa wa miaka mingi, ambao huko Uingereza alishauriwa apasuliwe akakataa. Ndiyo, mganga naye alimkatalia mganga. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso juu ya mto wa kulalia. Amekwisha kufa. Aliombea wengi, na wengine walipona, na mwili wake yeye haukupona.

Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada. Mwili waliukausha juani, wakaubeba mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi, wengine wakafa njiani. Huko London waganga waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, pale simba alipouvunja, ukazikwa katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874.

Pamoja na mwili walileta madaftari, hawakupoteza hata moja. Mwaka uleule wa 1874 Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, wakakaa na Horace Waller, aliyekuwa akiyatayarisha kwa chapa. Walimweleza mahali palipokuwa pagumu, majina ya vijiji na ya mito. Habari za Kabambare, za miguu, za jiwe la kijani, za wale walioweka mkono juu ya moyo, zilipita tena midomoni mwa watu waliokuwapo kabla hazijawa kitabu.